Diwani Tuliyemnywesha Chai Bila Kumjua

Malaba, kwenye uwanja wa malori
Jumapili jioni

Dada yangu Zena,

Salamu zangu zikufikie hapo Mtwapa, wewe na shemeji na wanangu wote. Mama je? Goti limepoa, au bado anainuka kwa kushika ukuta? Nijibu mwenyewe, usimwachie binti yako, maana yeye huniandikia "wote wazima" hata nyumba ikiungua. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila mvua haikatiki na matope yamefika mlangoni mwa hoteli.

Hoteli yenyewe ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kibanda changu cha chai kiko ukingoni mwa uwanja, pale madereva wanapongoja karatasi zao zigongwe muhuri wavuke kuingia Uganda. Jirani yangu ni Mama Amoit, Mteso wa hapa hapa, yeye anapika ugali na maharagwe. Basi tangu mwezi wa Ramadhani kuna mtu akitutembelea. Mrefu, koti la kijivu, sauti ya upole kama anambembeleza mtoto. Alisema yeye ni karani wa diwani. Akija huketi, hunywa chai, hula mandazi, halipi, kisha hushusha pumzi.

"Mama, diwani amekasirika. Anasema hizi vibanda ni uchafu, zitolewe. Mimi nimewatetea sana, lakini yule mzee ni mkali."

Na sisi tunamwonea huruma! Tunamwongezea chai. Mama Amoit akampa kuku mzima ampelekee diwani, apoe moyo. Baada ya siku chache karani akarudi: diwani amekula kuku, anashukuru sana, ila bado amekasirika.

Utauliza kwa nini hatukumuuliza jina. Dada, huku mpakani mtu haulizwi jina. Tangu mambo ya ng'ambo huko Uganda yaharibike, kila mtu ana gunia lake la magendo, la kahawa au la chumvi, analolijua yeye na Mola wake. Ukianza kuuliza wewe nani, mtoto wa nani, kesho wateja wamekuhama, wanasema wewe ni mpelelezi. Kwa hiyo tunaitana mzee, mama, boss, yamekwisha. Wapo watu nimewapikia chai mwaka mzima na siwajui ila kwa rangi ya lori.

Kilichonishtua ni saluti. Siku hiyo karani wetu yuko kwenye benchi anatafuna, akapita askari wa kanjo, wale wa baraza la madiwani. Askari akasimama wima, akampigia saluti kubwa. Karani akamkonyeza aende zake upesi. Mimi niko nyuma ya jiko nimeona yote. Karani gani huyo wa kupigiwa saluti?

Alipoondoka nikamgeukia Mama Amoit. Mimi kura yangu iko huko nyumbani, na nusu ya watu wa hapa ni hivyo hivyo, lakini yeye alipiga hapa.

"Diwani wenu yukoje?"

"Jembe."

"Nakuuliza mtu, mama. Sura yake."

"Mimi najua jembe tu. Walileta picha ya jembe, wakasema weka kura hapa, nikaweka. Sura ya nini?"

Dereva mmoja akadakia kwamba diwani ni mfupi mnene. Mwingine akaapa ni mzee asiyeona vizuri, anakaa upande wa Amukura. Nikasema ala! Mtu ana uwezo wa kutung'oa hapa, na hakuna anayejua hata urefu wake.

Shemeji yako Baba Asha hakutaka kusikia. "Wewe ni mgeni, umekuja kupika chai. Wacha siasa." Usiku ule usingizi uliniruka. Tangu tajiri wake amwachishe udereva, kibanda hicho ndicho kinachotulisha. Kikivunjwa, dada, tutarudi kwa Mama na mabegi na aibu.

Mwalimu mmoja mteja wangu akaniambia mikutano ya madiwani kule Busia iko wazi, mwananchi yeyote anaweza kuketi nyuma mradi anyamaze. Sikumwamini. Tangu lini wakubwa wakakukaribisha usikilize maneno yao? Hata hivyo siku ya mkutano nikajifunga leso, nikaomba lifti kwenye lori la saruji, nikashuka Busia. Askari wa mlangoni aliniangalia kama nimekuja kuiba viti, lakini akanipisha.

Mwenyekiti akamwita diwani wa Malaba. Kainuka nani? Koti la kijivu! Wallahi niliziba mdomo kwa leso. Karani na diwani ni mtu mmoja. Ndiye aliyekasirika, ndiye aliyetutetea, na kuku amemla yeye kisha akajileta kutupa shukrani zake. Akasema, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba wenye vibanda wamekubali kwa hiari yao kuondoka ili pajengwe kituo cha petroli. Cha nani, hakusema. Mimi nahisi ni cha shemeji yake, ingawa ushahidi sina. Wakaliacha shauri hadi kikao kingine.

Nilirudi nimefura kwa hasira. Mama Amoit akanitazama kwa jicho la pembeni. "Nani amekutuma uharibie karani jina?" Hata yeye! Nikamwambia usiniamini, twende ukaone. Wenzetu nao kila mmoja akadhani mwenziwe ana njama. Unajua kilichowapandisha lori siku ya kikao? Kila mmoja aliogopa kwamba kuna kitu kitagawanywa huko na yeye atakosa.

Tukajaza viti vya nyuma, wengine wakasimama ukutani. Diwani akaingia, akatuona, akainamia karatasi zake. Zamu yake ilipofika mwenyekiti akauliza, "Mheshimiwa, hawa akina mama ni watu wako?"

"Siwajui, Bwana Mwenyekiti."

Eti yeye hatujui! Na chai yangu imo tumboni mwake. Moyo uliniuma, dada, nisikufiche. Tulikatazwa kusema, lakini Mama Amoit aliinuka akamnyooshea kidole. "Wewe hapana jua sisi. Sawa. Lakini leo sisi tumekujua wewe."

Askari wakatutoa nje, ila maneno yalikuwa yameshasikika, na shauri la petroli likaahirishwa. Wenzangu walipiga vigelegele njia nzima. Mimi sikupiga. Kuahirisha si kufuta, na mtu aliyeweza kuwa watu wawili mbele ya macho yangu sitashangaa akiwa watatu.

Leo asubuhi amekuja. Safari hii hakujiita karani. Akasema yeye ndiye diwani wetu, amekuja kutusalimu. Nikamwekea kiti, heshima yake nikampa. Nikamwambia mbele ya madereva wote, "Mheshimiwa, sasa hakuna wa kukutuma. Sema wewe mwenyewe: tunakaa au tunaondoka?"

Akakizungusha kikombe. Akatazama mlangoni. Kisha akashusha ile pumzi yake. "Mimi niko pamoja na nyinyi, mama. Taabu ni mwenyekiti. Yule mzee ni mkali sana."

Mama Amoit alikuwa ameshika sufuria ya maharagwe. Akaiweka chini, akafuta mikono. "Huyo mwenyekiti," akaniuliza, "anakaa wapi?"

Kesho tunakwenda kumtafuta, mimi na yeye. Baba Asha amenuna, lakini naona amenipigia rangi viatu vyangu.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya goti nitamletea mwenyewe. Msalimie mjomba fundi cherehani, shangazi wa kisimani, na shemeji. Na wewe usinicheke. Huyo diwani wenu wa Mtwapa umemwona kwa macho yako, au umesimuliwa?

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi