Mipira Miwili Chini ya Kitanda Changu

Ijumaa, Kibaha. Mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua hainyeshi wala haiondoki, nami niko vivyo hivyo.

Hapa bwenini, chini ya kitanda changu, jioni hii kulikuwa na mipira miwili ya kikapu, mmoja mzee na mmoja mpya. Kesho tunakwenda Kisarawe kucheza na wasichana wa chuo cha huko, na wenyeji wetu wameomba tuje na mpira kwa sababu wa kwao umepasuka. Baada ya mazoezi, Mwalimu Mushi, kocha wetu, alinikabidhi yote miwili.

"Neema, nahodha ni wewe. Chagua mpira tutakaokwenda nao. Anayeumudu huo ndiye atakayeanza."

Nikajibu "sawa, mwalimu" kama mtu mwenye akili timamu. Tangu hapo sijala kitu cha maana.

Ngoja nieleze. Ule mzee umeisha vipele vyote vya kushikia, umekuwa kipara. Halafu unavuja. Kwa hiyo kabla ya kila mechi tunaujaza upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka uwe mgumu kama jiwe, ili kipindi cha pili ukishalegea uwe bado unadunda. Mwanzoni unaruka ovyo, mwishoni unadunda kivivu na lazima uukandamize. Mimi nimeujulia. Nafuta viganja kwa kitambaa kibichi ili vinate kidogo, usiniteleze, naupiga chini kwa hasira, na si rahisi mtu kuninyang'anya.

Mpya tumeletewa wiki hii na mkuu wa chuo. Leo tumeujaribu kwa mara ya kwanza, na kwa mazoea tukaujaza vilevile kama mzee wetu. Loo! Kila ukigusa pete ya kikapu unaruka juu ya vichwa vyetu, unakwenda kuangukia kwenye kamba za nguo. Tukacheka mpaka basi. Nikasema kwa sauti kwamba huu mpira ni mbovu, turudi kwa ule wetu. Nakiri, nilifurahi.

Ndipo Zuhura akaushika, akaubonyeza kwa kidole gumba. Zuhura ni wa mwaka wa kwanza, kwao ni Msimbu, huko huko Kisarawe, wazazi wake wakulima. Anacheza nafasi yangu, ya kuleta mpira mbele, na msimu mzima amekaa benchi kwa sababu kile kipara kinamponyoka.

"Dada Neema, tumeujaza mno. Huu hauvuji."

Akatoa upepo kidogo kidogo. Akauangusha kutoka usawa wa bega, ukapanda mpaka kiunoni, ukatulia mkononi mwake.

Kisha akacheza.

Sijui niandikeje. Vile vipele vilikaa kwenye vidole vyake vizuri, pasi zikafika pale pale alipotaka. Mimi nikaupiga chini kwa nguvu zangu za kila siku, ukanirudia kifuani, nikanyang'anywa mbele ya kocha. Nikitupa, unang'ang'ania vidole, unaondoka umechelewa, haufiki hata kwenye pete. Miaka yote hii nimekuwa mchezaji mzuri, au nimezoea tu mpira mbovu?

Kesho ni mechi yangu ya mwisho kabla ya kuhitimu. Nataka kucheza. Naliandika hapa wazi kwa sababu mbele ya wenzangu siwezi kulisema.

Na mama yake Zuhura atakuja kutoka Msimbu. Hajawahi kumwona mwanawe akicheza. Natamani nisingeambiwa.

Baada ya magharibi niliutia ule mzee kwenye begi. Sababu nilikuwa nazo: timu imeuzoea, na saruji ya uwanja wa Kisarawe itauchubua mpya bure. Nikafunga zipu. Simu ikalia, ujumbe wa Zuhura: "Dada, pampu nibebe mimi?" Hakuuliza nimechagua mpira gani. Nikaona aibu.

Nikauchukua mpira mpya, nikampelekea chumbani kwake, nikamwambia alale nao na asubuhi apande nao basi.

"Si ukae nao wewe, dada? Nahodha ni wewe."

Nikasema begi langu limejaa. Ukweli ni kwamba sijiamini. Ungebaki hapa, asubuhi ningebadili mawazo.

Basi, nimeamua, na bado niko macho nikiandika. Nilidhani nikishaamua nitatulia. Benchi nitalivumilia. Kinachonitisha ni kingine: kesho Zuhura akifunga kikapu mbele ya mama yake, nitasimama kumpigia makofi mara moja, au nitasubiri kwanza nione nani ananitazama?