Nyuzi za Shavuni

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa upasuaji kanichora usoni kwa kalamu ya wino. Mimi, ambaye kutwa nachora vitambaa vya watu kwa chaki! Kovu langu linaanzia chini ya jicho la kushoto mpaka pembe ya mdomo, na linauvuta mdomo juu. Hata nikitulia naonekana namdharau mtu. Wateja wapya hununa kabla sijawasalimia.

Anasema atalikata lote, kisha ashone kwa zigizaga ili lisivute tena. Hapo tukaelewana upesi. Mshono ukivuta unaubadilisha mwelekeo, hilo halitaki shahada. Halafu akaharibu: kovu halifutiki, linapunguzwa tu. Nimekasirika njia nzima.

Bosi kanipa ruhusa shingo upande. Anadhani natafuta urembo. Urembo wa nini na umri huu. Nataka Mama aniangalie usoni, basi.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwambia Mama kesho ndiyo siku. Alikuwa anakunja shuka. Akasema Mungu akusaidie mwanangu, akalikunjua, akalikunja tena.

Siku nilipopata kovu hili alibamiza mlango kwa hasira za kugombana na Baba, hakujua niko nyuma yake. Kioo cha mlango kikanishukia. Nilikuwa sijaanza shule. Tangu hapo Mama hukaa kuliani kwangu: mezani, msibani, popote. Ikibidi akae kushoto, ghafla anakumbuka kazi jikoni. Nikilianzisha anasema yaliyopita si ndwele. Kwake labda. Mimi ndiye niliyeyavaa.

Alhamisi, 7 Machi

Imekwisha. Kwa ganzi ile sikuumia, ila nilisikia uzi unavyopita. Nilitaka kumwambia daktari asikaze sana. Mdomo wenyewe ulikuwa umelala.

Nisicheke, nisitafune vigumu, nisiguse. Nyuzi zitatolewa Alhamisi ijayo. Mama alikuwa nje kwenye benchi. Akanishika mkono tukaenda. Mkono wa kulia, bila shaka.

Jumapili, 10 Machi

Nimebandua plasta kuangalia. Najua nimekatazwa.

Mshono wa tatu kutoka chini umekazwa mno! Ngozi imekunjamana kando yake. Mwanafunzi akiniletea kazi hii dukani namrudishia mbele ya watu. Bosi kila siku anatuimbia: mshono ukivuta, fumua kabla hujapiga pasi, ukishapiga pasi umeuzoesha ubaya. Nikawaza, na ngozi je? Ikishazoea hivi, mdomo utabaki juu vilevile, na Mama atabaki kuliani mpaka tuzikane.

Nikachukua mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi. Nikauchemsha kwanza, mimi si mjinga. Nikakata ule wa tatu. Halafu na wa nne, maana sasa huo ndio uliokuwa unavuta. Ngozi ikalala vizuri kabisa. Nimeridhika sana na kazi yangu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepiga mwayo. Mwayo tu, hata chai sijanywa — pakafumuka. Tumekimbia hospitali mimi na Mama, kitambaa shavuni.

Daktari akauliza nyuzi mbili zimekwenda wapi. Nimezitoa. Kwa nini? Zilikuwa zinavuta. Akavua miwani, akaivaa tena. Akasema kule kukunjamana kulikuwa uvimbe, kungeisha kwenyewe. Uzi wa shati hubaki kwenye shati, wake unashikilia tu mpaka ngozi ijishike. Nilijua anasema kweli kabla hajamaliza, na ndiyo maana nilimchukia.

Hashoni tena sasa. Paachwe pajifunge penyewe, kovu la hapo litakuwa pana, mengine tutazungumza baada ya miezi. Miezi! Na kuongea marufuku kwa siku kadhaa. Nesi akaongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ashukuru sikuwa na mdomo wa kumjibu.

Kidonda kisafishwe kila asubuhi, lakini si na mimi. Nesi kakataa katakata: mikono ya huyu haiaminiki, nyumbani kuna nani? Mama akatazama sakafu. Akasema, nipo mimi.

Jumanne, 12 Machi

Mama kanisafisha kafumba macho. Naapa. Pamba ikaniingia puani.

Nimemfokea huku meno nimeyafunga, kwamba kama hawezi akamwite jirani. Akatoka. Damu ikatoka kidogo tena, stahili yangu. Nina hasira na daktari, na Bosi na pasi yake, na mkasi, na mwayo. Na Mama. Mama zaidi ya wote, na siwezi hata kulia vizuri, shavu halitaki.

Jumatano, 13 Machi

Mama kaja bila kuitwa. Kafungua pazia, kavuta kiti, kakiweka kushoto.

Kabandua plasta polepole. Hakufumba. Mimi ndiye niliyetazama dari, nilisikia aibu sana. Nikangoja aseme pamekuwa pabaya, maana ni pabaya kweli, nimeona kwenye kioo.

Akauliza kama inauma. Nikaonyesha kwa vidole: kidogo. Akasema si leo. Siku ile ya mlango. Iliuma sana?

Nikataka kufungua mdomo, akanizuia kwa kiganja. Usiongee, mwanangu, patafumuka. Andika. Akachukua daftari hili hapa kitandani, akaniwekea mapajani na kalamu juu yake. Hajui ni daftari la nini.

Kwa hiyo naandika. Bado ameketi kushoto, pamba mkononi, macho kayakaza shavuni kwangu, hayaondoki. Anaona naandika sana. Anadhani yote haya ni jibu lake. Amenyoosha mkono nimpe asome, na mimi nampa.