Kiuno cha Gauni la Anjela

Kihesa, Jumamosi, Machi 1957

Manyunyu tangu alfajiri, yale ya baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Nguo hazikauki, kuni zinatoa moshi mtupu, na mimi roho yangu imechafuka tangu Alhamisi. Kwaresima hii nimeacha sukari kwenye chai. Wivu umenishinda kuuacha.

Alhamisi ndiyo siku aliyoshuka wifi Tekla, dada wa mume wangu, kwenye basi la Mbeya, matope ya njiani kule Igawa bado yako kwenye viatu na mkasi wake umeviringishwa kwenye kitambaa cha flaneli. Huko Mbeya anawashonea wake za wakubwa, na hilo hutalisahau ukikaa naye. Amekuja kwa ajili ya harusi ya binti yangu Anjela, itakayokuwa baada ya Pasaka. Hata chai hajamaliza, Anjela akamletea ile satini nyeupe, akamwomba amkatie gauni.

Mbele yangu.

Mimi ndiye niliyemshonea mtoto huyu tangu gauni la ubatizo. La komunyo ya kwanza, ya shule, yote yametoka kwenye cherehani yangu. Lakini la harusi, shangazi. Anjela alisema kwa upole kwamba mkasi wangu siku hizi unatafuna kitambaa, na satini ni laini mno. Kibaya zaidi, alisema kweli.

Jana sikuvumilia. Nilichukua kinoo cha baba Anjela, anachonolea mundu, nikakaa jikoni nikaunoa mkasi pande zote, nje na ndani, kwa hasira, mpaka ukang'aa. Nikaujaribu kwenye kilemba changu cha zamani. Kitambaa kikaingia katikati ya yale makali mawili, kikajikunja, wala hakikukatika. Afadhali ningeuacha ulivyokuwa.

Wifi alipita akaona. Akacheka, akaniuliza kama naenda kuvuna ngano, maana mkasi nimeunoa kama mundu. Akasema upande wa ndani haunolewi hivyo, unatakiwa uwe bapa ili makali yasuguane. Ukiuviringa yanaachana na kitambaa kinapata pa kupita. Nikamjibu kwamba najua. Nilikuwa sijui. Miaka yote mkasi wangu ananinolea fundi wa mjini, mimi kazi yangu kupokea tu.

Leo asubuhi nikajificha nyuma ya jiko, chini ya upenu, na kinoo na kopo la maji. Nikaulaza upande wa ndani juu ya jiwe, bila kuuinua, nikausugua taratibu mpaka ule uviringo nilioutengeneza mwenyewe ukaisha. Halafu nikanoa mteremko wa nje peke yake. Skurubu ilikuwa imelegea na sijawahi hata kuiangalia. Nikaikaza, nikatia tone la mafuta ya cherehani. Nikalowesha kipande cha amerikani, kwa sababu kitambaa kilicholowa hakifichi ubovu wa mkasi, nikakata kutoka shinani hadi nchani. Ukapita. Nusura nilie, mtu mzima mimi.

Nikaingia ndani mbio kumwambia Anjela kwamba gauni nitalikata mwenyewe. Anjela alikuwa ameenda kuteka maji. Wifi alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, na gauni lote limeshakatwa.

Limekatwa vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikatafuta kosa kama mtu anayetafuta chawa, na nikalipata kwenye kiuno. Kipimo cha Anjela ninacho kichwani, nilimpima Krismasi, na hapa kilikuwa kimezidi karibu upana wa kiganja. Humu hasomi mtu, kwa hiyo nitasema: nilifurahi. Nikachora chaki, nikashika mkasi, nikasema mtoto ataonekana amevaa gunia, ngoja nirekebishe.

Wifi akaweka mkono juu ya satini, pale pale nilipotaka kukata.

"Wifi, hapo usipunguze."

Nikamuuliza kwa nini. Safari hii hakucheka. Akatazama mlangoni kwanza.

"Mtoto atakuambia mwenyewe. Mpe nafasi."

Nikaelewa. Baada ya Pasaka kiuno kile kitamtosha kabisa.

Mama mwingine angemfikiria padre, au majirani, au baba mtu atakavyofoka. Hayo yote kwangu yamekuja baadaye. Kitu cha kwanza kilichonichoma ni kwamba alimwambia yeye. Najua, hapa kwetu msichana mambo hayo humpelekea shangazi yake, na mimi yangu niliyapeleka huko huko. Lakini Tekla ana siku tatu ndani ya nyumba hii. Mimi ndiye ninayemwona kila asubuhi akiusukuma uji pembeni, na nikamsifu kwamba anafunga vizuri.

Nikamsifu!

Anjela aliporudi na ndoo alilitazama gauni, kisha mkasi mkononi mwangu. Akauliza kama limekosewa. Nikamwambia limekatwa sawasawa, hakuna pa kupunguza. Akainamisha macho, akaenda kumimina maji. Nilimngoja ageuke aseme neno. Wifi alikuwa amekaa pale pale, na mtoto hakugeuka.

Kesho ni Jumapili, sishoni. Jumatatu nitaunga kiuno hicho kama kilivyokatwa, kisha nitamwita aje alijaribu, mlango umefungwa, wawili tu. Nitapiga magoti mbele yake na pini mdomoni ili nisiweze kusema chochote. Sasa, nikinyamaza hivyo, ataniambia? Au ataniuliza shangazi yuko wapi?