Jina la Aliye Ndani

Niigata, 3 Februari

Mwanangu Chizuru,

Hujambo? Mimi mzima, theluji tu ndiyo haina adabu. Kinyozi kama mimi mji huu hakuna, waulize hata wenye vipara.

Jana mzee Handa, meno ya bandia na yote, kanionyesha mpenzi wake kwenye simu: Kohaku, mbweha wa kuchorwa anayeongea na kuimba. "Wewe je, Kinyozi? Ulizeekea foleni ya kumshika mkono yule mwimbaji wako Ritsuko!" Nikamwambia, "Ritsuko alikuwa na jasho kiganjani, bwana! Katuni ina jasho?" Siku Ritsuko alipoaga jukwaa tulimwita jina mpaka sauti zikakauka, akatulilia. Mbweha atamlilia nani?

Baba yako

Tokyo, 10 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, koo tu linawasha. Baba, Kohaku ni mimi. Mchoro ni wa kampuni. Sauti na kicheko ni vyangu. Mkataba unakataza kumwambia hata mzazi. Tarehe 20 Machi Kohaku anaaga mashabiki mtandaoni. Jina langu lisipojulikana, Aprili napewa sura mpya ya kuchorwa. Mashabiki wetu wanajua kuna mtu ndani. Heshima yao ni kutomtaja. Tazama, ila nyamaza.

Mwanao Chizuru

Niigata, 21 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Simu yako haipatikani tangu jana.

Nilifunga saluni, tukakaa na Handa mbele ya simu yake. Watu elfu arobaini wanatazama! Uliposema "asanteni" sauti ikakatika, kilio chako kilekile cha utotoni. Na wote wanaandika Kohaku, Kohaku. Mtoto wangu analia, anaagwa kwa jina la mbweha! Kwetu sisi mtu akiaga unamwita jina lake. Vidole vikaandika: "Chizuru Obata, baba yupo hapa!"

Handa akaninyang'anya simu. "Mshenzi wewe! Wa ndani hatajwi! Futa!"

Nilifuta. Jina walikuwa wameshalisambaza.

Nisamehe.

Baba yako

Niigata, 9 Aprili

Chizuru,

Umeamkaje, popote ulipo? Barua yangu imerudi, wanasema umehama. Handa anasema picha yako ya shule imezagaa, na sura mpya kapewa msichana mwingine. Anaimba vizuri, kicheko hana.

Niliwaandikia kampuni kwamba kosa ni langu, wakurudishe. Wamejibu kwa heshima kubwa, karatasi nzuri, muhuri mwekundu: hawamfahamu mtu wa jina hilo.

Hii sasa sijui niandike anwani gani.

Baba yako