Chupa ya Ocen

Basi ulivyoniuliza, mjukuu wangu: baba yako anaitwa Ocen, jina la pacha wa pili, basi Opio, yule wa kwanza, yuko wapi? Sisi hapa kwetu Shari tu wazima.

Babu yako na mimi tulikuwa maarusi bado, tukipendana mpaka majirani wakacheka. Mapacha walizaliwa kabla ya siku zao. Hospitalini kila mmoja alipumua hewa ya mashine kwa mpira puani, ncha ya pili ndani ya chupa ya maji ikitoa mapovu, ili pumzi isiishe kifuani. Mama mkwe akauchomoa wa Opio majini.

"Munamuzamisha mutoto."

Muuguzi aliurudisha, lakini Opio alikuwa amechoka. Akafa jioni.

Babu yako hakumgombeza mama yake. Alimkabidhi chupa ya Ocen. "Mama, weye uangalie mapovu." Akayaangalia wiki mbili.

Hapo ndipo nilipojua nimeolewa na mtu gani. Chupa ninayo, nitakuja nayo Kisangani kabla mwezi huu haujaisha.