Vipande Kumi vya Mkate

Mpendwa wifi yangu Neema,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu barua huanza hivyo, usije ukavimba kichwa. Ukitaka msome na kaka yangu huko Singida, sina siri tena.

Unaikumbuka wiki yako ya kwanza huku Uarabuni, Al Warqa? Mimi ndiye niliyemwomba madam akulete, mke wa kaka yangu, tusaidiane kazi. Hukuwahi kukaa na Wayahudi. Tukipiga pasi ulikuwa ukiniuliza kama mtoto wa chekechea: "Wifi, mbona vyombo vya maziwa haviguswi na nyama? Mbona Jumamosi madam hawashi taa, anabaki kusema tu kwamba humu giza?" Nikakueleza kwamba siku hiyo hawashi, wala haruhusiwi kukutuma, ukisikia giza, nyoosha mkono mwenyewe. Tulicheka hadi sketi ya madam ikaungua. Nilikupenda kweli, wifi.

Ikaja Pasaka yao. Siku nane nyumbani pasiwe na mkate, chapati wala bia, hata chembe mifukoni mwa watoto. Tulisugua wiki tatu, magoti yakachubuka. Nawe, kwa kuwa madam alisema atabaki na mfanyakazi mmoja, ukafunga chapati kwenye kanga yangu, ukaiweka chini ya mto wangu, kisha ukamwita aje aone. Nililia nikiapa. Ukasimama mlangoni umekunja mikono: "Wifi, kwa nini unatuaibisha?" Khalas, nikafukuzwa. Nikaishia kufagia ghala la vipuri Ras Al Khor.

Mwaka uliofuata ukanibipu. Nikakupigia, mjinga mimi.

"Wifi yangu, Pasaka yao hiyo, na niko peke yangu. Nikumbushe."

Hata haya huna! Nikakukumbusha: vyombo vya Pasaka viko kabati la juu, bia ya sir, mume wa madam, itoke, biskuti zitoke. Jambo moja nikalimeza. Jioni moja kabla ya sikukuu kuingia, sir huficha vipande kumi vya mkate kwa makusudi, avitafute na watoto kwa mshumaa na unyoya wa kufagilia chembe, asubuhi wavichome. Mwaka wangu wa kwanza niliviokota nikavitupa, madam akacheka, akanielekeza. Wewe mwaka ule wa chapati ulikuwa chumbani ukimbembeleza mtoto, hukuona kitu. Nami sikukwambia. Nilinyamaza nikijua ninachofanya.

Yaliyofuata alinisimulia madam. Uliviokota vinne, ukadhani kuna mtu anakutegea kama ulivyonitegea mimi, ukavificha mkobani. Sir akahesabu, sita. Wakapekua nyumba nzima mpaka mkoba wako. Nawe kwa hofu ukaropoka: "Madam, haki ya Mungu, hivi sikuweka mimi! Mimi niliweka ile chapati tu!"

Eh! Kila nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wiki haikuisha, ukapandishwa ndege.

Mwezi wa tisa, kabla ya siku yao kuu ya kufunga, madam alinifuata mwenyewe ghalani, viatu vyeupe kwenye oili. Akasema siku ile Mungu husamehe makosa aliyokosewa Yeye. Ukimkosea mwanadamu, lazima umwendee mwenyewe umwombe. "Nilimwamini yule, sikukuamini wewe. Nisamehe, Pendo." Nikamsamehe palepale, nikarudi kwenye jiko langu.

Baadaye nikamuuliza, na uliyemkosea akikataa? Akasema unarudi mara ya pili, na ya tatu. Akikataa mara tatu, wewe umetimiza wajibu wako, na kosa linabaki kwake.

Basi nimehesabu, wifi. Mara ya kwanza ulimtuma kaka aniombe radhi, nikakataa. Mara ya pili ulinipigia ukilia, nikakukatia simu. Najua mchungaji wetu angesema saba mara sabini, usinikumbushe. Bado inaniuma pale uliposimama mlangoni.

Kwa hiyo laini nimebadilisha, na kaka nimemkataza kukupa namba. Bahasha hii haina anwani ya kurudishia. Mara ya tatu hutapata pa kuiombea.

Baki salama, wewe na kosa lako.

Wifi yako,
mwenye kanga