Chupa ya Mwenye Afya

Bergen, mwezi wa Mei

Kaka yangu Halvard,

Nakusalimu kwa mapenzi, nikitaraji barua hii itakukuta umeshameza dawa ya asubuhi na miguu imeshakubali kukutii. Vipi mkono wa kulia? Vipi usingizi? Na vipi klabu yenu ya tenisi ya meza, ambako Mama anasema unawafunga watu wasiougua chochote kisha unawacheka usoni? Huku kwangu mvua inanyesha kama kawaida yake, kazi inakwenda, na nakula vizuri. Mama nilizungumza naye juzi kwa simu. Hajambo, ila analalamika kwamba umeanza tena kupanda ngazi kutengeneza madirisha ya watu. Kaka, shuka kwenye hiyo ngazi. Madirisha yanaweza kutengenezwa na mtu aliyesimama chini, tena akiwa na kikombe cha kahawa pembeni.

Pasaka, kule kwenye kibanda chetu mlimani, ulinisema mbele ya watu wote. Ulisema sisi wa maabara tulikunyofoa kipande cha ngozi mkononi kama watu wanaoonja jibini dukani, tukaondoka nacho, na mpaka leo hujasikia hata kama kilikuwa kitamu. Kila mtu alicheka, nami nikacheka, nikaahidi kukueleza. Leo ndiyo natimiza. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa mizaha yako, na safari hii nataka nifike mwisho.

Nianze na dugnad yetu ya mwezi huu, ile siku ya wakazi wote kufanya usafi kwa pamoja bila malipo, maana siku hiyo ndipo nilipopata namna ya kukueleza. Unamjua Borghild, mwenyekiti wa jengo letu, yule mama mwenye sauti ya kuita feri irudi bandarini. Saa nne asubuhi alikuwa uani na kipaza sauti asichokihitaji, akitugawia mafagio na kututaka tutoe takataka zote kutoka vyumba vya chini. Vilivyotoka huko ni aibu tupu: magodoro yenye ukungu, baiskeli zisizo na magurudumu, jiko la umeme lililoungua tangu enzi za mpangaji aliyekwisha kufa. Tulipopumzika kwa soseji na kahawa, Borghild akaniuliza kwa nini mtu aliyesoma miaka yote ile anashughulika na ngozi ya kaka yake. Nikamwonyesha lile jiko.

Nikamwambia kwamba kila seli ya mwili ina majiko yake madogo, mamia kwa mamia, yanayochoma chakula na kutoa nguvu. Sisi tunayaita mitokondria. Jiko likiharibika halikai kimya, linafuka moshi na kuumiza kila kilicho karibu nalo. Kwa hiyo seli yenye afya ina desturi yake: inalibandika jiko bovu alama, wasafishaji wanaiona ile alama, wanalifunika, wanalivunjavunja, na vipande vyake vinatumika tena. Kazi hiyo inaendelea wakati wote, hata sasa hivi unaposoma. Kwako wewe, kaka, jeni inayobandika alama ndiyo mbovu, na huko ndiko ulikotoka ugonjwa wako wa kutetemeka. Majiko yanaharibika kama ya watu wengine wote, lakini hayaondolewi. Yanarundikana. Na seli zinazoteseka zaidi ni zile za ndani kabisa ya ubongo, zinazosaidia mwili kutembea bila kufikiri, kwa sababu zinafanya kazi mchana na usiku na haziwezi kuzaliwa upya.

Borghild alisikiliza mpaka akasahau soseji yake. Kisha akasema, basi tatizo la kaka yako ni kwamba kichwani hana mwenyekiti. Akaongeza kwamba yeye yuko tayari kuja huko kwenu na kipaza sauti chake, nauli juu yake mwenyewe. Nilicheka mpaka nikamwagikiwa na kahawa.

Sasa tuje maabara. Tulichotaka ni kuona kama kuna dawa inayoweza kuiamsha ile kazi ya usafi katika seli ambazo jeni yake imevunjika. Ngozi yako tuliigeuza, kwa ufundi ambao sitakuchosha nao, ikawa seli za neva zenye urithi wako uleule. Lakini huwezi kusema seli hizi zina uchafu kama huna seli safi za kulinganisha nazo. Na hapa pana mazoea ya watu wa kazi yetu: tukihitaji mtu mwenye afya, tunakunja mikono ya mashati yetu wenyewe. Profesa Sigbjørn alisema wa kulinganishwa na Halvard ni Oddny tu, kwani ni baba mmoja, mama mmoja, na wote wawili walikuzwa kwa viazi vilevile. Mimi nilikuwa nimeshapita umri ambao wewe ulianza kutetemeka, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Jeni yangu hawakuipima. Kwetu mtu asiye na dalili hapimwi maradhi ya urithi kabla ya kukalishwa na mshauri na kuelezwa maana ya majibu, na mimi siku zote nilikataa kukalishwa. Kwenye fomu nilisema sitaki kujua. Basi chupa moja ikaandikwa mgonjwa, nyingine ikaandikwa mwenye afya.

Mwanzoni zote mbili zilipendeza. Seli zako zilinawiri hata tukaanza kukutania kwamba unajifanya mgonjwa ili usioshe vyombo. Ni mwenzangu Jorunn aliyegundua upumbavu wetu. Tulikuwa tunazilisha seli sukari nyingi mno, na seli iliyozungukwa na sukari inaweza kuishi bila kuyategemea majiko yake. Jorunn alisema tunawalisha watoto keki kutwa, halafu tunashangaa mbona hakuna anayegombania mkate. Tukabadilisha, tukaweka sukari ya aina nyingine, ile inayoilazimu seli kuwasha majiko ikitaka kuishi.

Ndipo mambo yalipoharibika. Chini ya hadubini majiko mabovu tunayatia rangi nyekundu. Chupa yako ilijaa wekundu, kama tulivyotarajia. Chupa ya mwenye afya nayo ikajaa wekundu. Tukarudia. Ikawa vilevile.

Unamjua Sigbjørn, hagombi. Akikasirika anakula mikate yake ya jibini ya kahawia akiwa amegeukia dirisha, na maabara nzima inapoteza hamu ya kula. Siku hiyo aligeukia dirisha. Alipomaliza alisema kwa upole kwamba bila shaka mtu amechanganya chupa, kwamba kazi yote sasa haiaminiki, na kwamba kwenye mkutano wa Ijumaa atapendekeza seli zote mbili zitupwe na utafiti ufungwe. Nilihisi kama nimepigwa kofi. Kaka, zile zilikuwa seli zako. Lile lilikuwa jibu lako, ulilolingoja bila kulalamika, na lilikuwa linakwenda jalalani kwa kisingizio cha mtu kushika chupa isiyo yake. Nikasema mbele ya wote kwamba mimi sichanganyi chupa. Jorunn akaniunga mkono, akafanya kipimo kinachotambua seli hii ni ya mtu gani bila kuchungulia jeni ya ugonjwa. Chupa hazikuchanganywa. Ya Halvard ilikuwa ya Halvard, ya Oddny ilikuwa ya Oddny.

Baada ya kipimo hicho watu wote wakawa wema. Jorunn, ambaye tangu nimjue hajawahi kumpa mtu zamu yake ya mashine ya kahawa, aliniletea kikombe mezani na kuniuliza kama kinahitaji maziwa. Kijana wa kompyuta alinifungulia mlango. Sigbjørn alisimama kando yangu, akakohoa, akaniuliza kama napata usingizi, kisha akaondoka kabla sijajibu. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa sheria haikuwaruhusu, na hata ingewaruhusu, watu wetu unawajua. Wangenifulia nguo kabla ya kunitamkia jambo kama lile. Nilikunywa ile kahawa, nikaelewa.

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kunyamaza, Ijumaa ifike, chupa zitupwe, nami niendelee kutojua kama nilivyokuwa nimechagua. Hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu. Lakini seli zako zingekwenda nazo. Kwa hiyo nilimpigia simu mshauri, nikakalishwa, nikatoa damu. Nilimwomba Sigbjørn auahirishe mkutano, akauahirisha bila kuuliza kwa nini.

Halvard, kaka yangu, mimi pia ninayo. Jeni ileile, imevunjika mahali palepale, nakala moja kutoka kwa marehemu Baba na nyingine kutoka kwa Mama, kama wewe. Chupa ya mwenye afya haikuwa ya mwenye afya. Sitetemeki bado. Lakini daktari aliniambia nitembee kwenye korido yake, akaniuliza ni tangu lini mkono wangu wa kushoto haubembei nikitembea. Nikamjibu kwamba ni bega tu, niliumia nikiteleza kwa skii kwenye theluji. Akanitazama kwa huruma, nami nikasikia jinsi jibu langu lilivyokuwa la mtoto.

Nimekuwa na hili moyoni kwa miezi kadhaa, na nitakuambia kilichonizuia, maana si woga wa ugonjwa. Siku tuliyomzika Baba, tukiwa jikoni tunaosha vikombe vya wageni, uliniambia kwamba katika balaa lote hili kuna jambo moja linalokupa amani, nalo ni kwamba limekupata wewe na si mimi. Ulisema ukiamka mwili umekakamaa unajiambia, angalau Oddny anatembea. Sasa nimekunyang'anya amani hiyo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko karatasi ya daktari. Nililia siku nzima kwa ajili ya hilo, na sioni haya kukuambia.

Lakini nimemaliza kulia, na sasa nisikilize, kwa sababu hapa ninakijua ninachokisema. Utafiti haukufungwa. Niliingia kwenye mkutano nikawaambia kwamba hawana kosa lolote mikononi, ila wana wagonjwa wawili wa familia moja na hawana mzima hata mmoja. Sigbjørn alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana. Jorunn akatoa ngozi yake, na safari hii tulipima jeni kwanza, kwa ridhaa yake. Seli zake ni safi hata zinaudhi. Karibu nazo, zako na zangu zinaonekana kama ua wa Borghild asubuhi ile. Tofauti sasa iko wazi, na juu ya tofauti hiyo tumejaribu dawa yetu. Zako zimeondoa karibu nusu ya majiko mabovu. Zangu pia. Nimeangalia kwa macho yangu wekundu ukipungua. Chupa si mtu, najua, na kutoka chupani hadi kwenye kidonge ni safari ndefu yenye wengi waliopotea njiani. Siwezi kukuahidi ni mwaka gani, wala kwamba watakaopona watakuwa sisi. Ila mpaka juzi tulikuwa hatujui hata kama kazi hiyo ya usafi inaweza kuamshwa, na leo tunajua inaamka. Mimi ninaendelea kufanya kazi hii kwa mikono yangu maadamu inanitii, na sasa nina haraka ambayo wenzangu hawana.

Kwa hiyo usiniandikie pole. Pole nimepewa na maabara nzima, pamoja na maziwa ya kahawa. Kutoka kwako nataka msaada wa namna nyingine, kwa sababu wewe katika hili umenitangulia, na hakuna mwingine wa kumwuliza.

Jumapili nitapanda basi la asubuhi nije kwa Mama. Nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana, na nakuomba usimtangulizie neno. Najua atakachofanya. Ataniwekea chakula, atasema mimi nimekonda, na nikishamwambia atauliza kama ni yeye aliyeturithisha. Jibu ni ndiyo, yeye na Baba, bila kujua na bila hatia. Naweza kumweleza mitokondria mpaka jua lizame. Naweza kusimama mbele ya maprofesa wa nchi nzima nisitikisike. Lakini siku ile wewe ulipotoka kwa daktari na habari zako ulikwenda kwake moja kwa moja, mkakaa wawili jikoni mkiwa mmefunga mlango, na ulipotoka Mama alikuwa bado amesimama wima.

Nisalimie Sunniva na watoto, na waambie shangazi yao anakuja na chokoleti. Msalimie na daktari wako. Nijibu kabla ya Jumapili, tafadhali, hata mstari mmoja unatosha, hata kama herufi zinacheza. Niambie tu, kaka: siku ile jikoni na Mama, ulianza kwa neno gani?

Mdogo wako akupendaye,
Oddny